Ghala Moja, Malango Mengi: Historia Fupi ya Hifadhi za Pamoja

Utangulizi

Neno "hifadhi" likitajwa darasani, wanafunzi wengi hufikiria mbuga za wanyama. Wachache hufikiria kile kifaa kidogo cha flashi kinachoning'inia pamoja na funguo za chumba. Makala haya yanahusu hifadhi ya aina ya tatu, yaani maghala makubwa ya data yanayotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na ambayo hayatakiwi kufungwa hata kwa dakika moja. Benki, hospitali, kampuni za simu na vyuo vikuu vya leo hutegemea maghala hayo. Data hukaa katika flashi nyingi zilizounganishwa kwa mtandao, na mbele yake husimama kompyuta kadhaa zinazofanya kazi ya lango. Lango moja likizimika, jingine hushika nafasi yake, na mtumiaji aghalabu hatambui kwamba kuna lililotokea.

Tumeona vema kuliandika jambo hili katika jarida la walimu wa lugha kwa sababu mbili. Kwanza, msamiati wake unaingia katika Kiswahili kila siku, na mwalimu asiyeujua huachwa nyuma na wanafunzi wake. Pili, kumbukumbu za lugha yetu, yaani miswada, kamusi, kanda za sauti na makusanyo ya matini, nazo zinahamia katika maghala ya namna hiyo. Hapana budi tujue maghala hayo yamejengwa vipi, na ni nani anayeshika ufunguo.

Hoja yetu ni moja. Kuwa na nakala ya kitu ni jambo moja, na kuwa na njia ya kuifikia nakala hiyo ni jambo jingine. Historia inaonyesha kwamba watu hujifunza la kwanza mapema, na la pili hujifunza baada ya kuumia.

Matangi ya Muyenga

Tuanze na maji, kwa kuwa maji yanaeleweka na kila mtu. Wengi wetu tunaokaa au kupita upande wa Kisugu, katika tarafa ya Makindye hapa Kampala, tunaishi chini ya ghala la pamoja bila kulifikiria sana. Kutoka Kabalagala barabara hupanda kuelekea kilima cha Muyenga, nayo huitwa Tank Hill kwa sababu ya matangi makubwa ya maji yaliyoko kileleni. Maji husukumwa kwa pampu kutoka Ziwa Viktoria pale Ggaba hadi kwenye matangi hayo, kisha hushuka kwa uzito wake yenyewe kwenda majumbani. Hilo ndilo umbo la msingi la hifadhi ya pamoja: ghala moja lililo juu, mabomba ya kulifikia, na watumiaji wengi wasiojuana.

Mtambo wa kwanza wa kusafisha maji wa Ggaba ulianza kazi mwaka 1928. Mji ulipokua ulijengwa wa pili, uliofunguliwa mwaka 1992, na wa tatu mwaka 2007. Kwa hesabu ya haraka Kampala ilikuwa na mitambo mitatu, na mtu angeweza kusema kwamba mmoja ukiharibika, miwili itabaki. Lakini mitambo yote mitatu ilikuwa ikinywa katika ghuba moja, Ghuba ya Ndani ya Murchison. Mfereji wa Nakivubo, unaokusanya maji ya mvua na uchafu wa katikati ya jiji, hupita mabondeni chini ya Kisugu na Namuwongo na kumwaga katika ghuba hiyo hiyo. Ghuba ikichafuka, mitambo yote mitatu hupata taabu siku ile ile. Vitu vitatu vilivyo na chanzo kimoja cha ugonjwa havina tofauti kubwa na kitu kimoja.

Ndiyo maana mtambo mpya ulijengwa Katosi, katika wilaya ya Mukono, mbali na ghuba hiyo. Mtambo huo ulianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2020, na ulibuniwa kutoa lita milioni 160 kwa siku. Faida yake haikuwa wingi wa maji peke yake. Mji ulipata mlango wa pili wa kuingilia ziwani, na mlango huo hauugui pamoja na ule wa kwanza.

Wakazi wa mabonde ya Kisugu wamelijua somo hili kabla ya wahandisi kuliandika. Nyumba yenye bomba huwa pia na madumu ya manjano ya lita 20 yaliyojazwa na kupangwa pembeni, kwa sababu tangi la Muyenga linaweza kuwa limejaa pomoni na bomba la mtaa likawa limepasuka. Maji yapo, ila hayafikiki. Kwa mama anayetaka kupika, maji yasiyofikika na maji yasiyokuwapo ni mamoja.

Kutoka diski moja hadi diski nyingi

Sasa tugeukie data. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kifaa kilichoitwa RAMAC, ambacho kilikuwa na diski ya kwanza ya kompyuta kuuzwa kibiashara. Kilikuwa na sahani 50 za chuma, kila moja yenye upana wa inchi 24, na uzito wa kifaa chote ulipita tani moja. Uwezo wake wote ulikuwa kuhifadhi herufi milioni 5. Kwa kipimo cha leo, tasnifu chache zenye picha zingekijaza.

Kwa miaka mingi baada ya hapo kila kompyuta ilikuwa na diski zake. Ukitaka data, ulikwenda kwenye kompyuta iliyokuwa nazo. Diski ikikwaruzika, data ilipotea. Kompyuta ikizimika, data ilibaki salama ndani ya diski lakini hakuna aliyeweza kuisoma. Matatizo hayo mawili yalipata tiba mbili tofauti, na inafaa tuzitenge.

Tiba ya diski kuharibika ilikuja kujulikana sana mwaka 1988, pale David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipochapisha makala kuhusu kutumia kundi la diski ndogo za bei nafuu badala ya diski moja kubwa ya bei ghali. Katika mpango huo data hutawanywa katika diski kadhaa pamoja na taarifa ya ziada, ili diski moja ikifa, yaliyomo yaweze kukokotolewa upya kutoka katika zilizobaki. Mbinu yenyewe ina sura ya hesabu za shule ya msingi. Ukiwa na namba 4 na 7, na ukaandika pembeni jumla yake, 11, basi namba moja ikifutika utaipata kwa kutoa. Kompyuta hufanya jambo linalofanana na hilo kwa mabilioni ya tarakimu.

Hiyo ni tiba ya ghala. Tiba ya mlango ilitoka upande mwingine. Kampuni ya Tandem, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1974, ilitengeneza kompyuta kwa ajili ya wateja kama mabenki, ambao hawakuweza kuvumilia kusimama kwa kazi. Ndani yake kila sehemu muhimu ilikuwa na mwenzake: vichakataji viwili au zaidi, na njia zaidi ya moja ya kuifikia kila diski. Mwaka 1983 kampuni ya Digital, nayo ya Marekani, ilitangaza mfumo wa VAXcluster, ambamo kompyuta kadhaa zilizo kamili zilishirikiana katika diski zile zile. Hapo ndipo wazo la shada la malango lilipopata umbo tunalolijua sasa, yaani ghala moja lenye walinzi wengi, na mtumiaji asiyelazimika kujua anahudumiwa na nani.

Fahari wawili katika zizi moja

Kuweka malango mengi mbele ya ghala moja kunaleta shida ambayo ghala la mlango mmoja halina. Wahenga walisema fahari wawili hawakai zizi moja, na mafundi wa kompyuta waligundua kwamba wahenga hawakukosea.

Tuchukue malango mawili, A na B. Kila moja hulipigia mwenzake ishara fupi mara kwa mara, kama mapigo ya moyo, kusema "nipo." A isiposikia mapigo ya B kwa muda uliowekwa, huhukumu kwamba B imekufa na kuchukua kazi zake. Mpaka hapo mambo ni mazuri. Lakini labda B haijafa, na kilichokatika ni waya uliokuwa kati yao. Basi B nayo haisikii mapigo ya A, nayo huhukumu kwamba A imekufa. Sasa kuna malango mawili hai, kila moja likijiona mrithi pekee, na yote mawili yanaandika katika daftari moja. Huyu anaandika kwamba akaunti ina shilingi laki mbili, yule anaandika kwamba imebaki elfu kumi. Baada ya dakika chache daftari halisomeki. Ghala halikuungua wala diski haikuvunjika, na bado data imeharibika kuliko ambavyo ingeharibika kama malango yote mawili yangezimika.

Dawa iliyotumika katika VAXcluster, na ambayo mifumo ya leo bado inaitumia kwa namna mbalimbali, inajulikana kwa kila mtu aliyewahi kukaa katika kikao: akidi. Kila mwanachama ana kura. Kundi lolote lisilofikisha zaidi ya nusu ya kura haliruhusiwi kufanya uamuzi, hata kama wanachama wake wote ni wazima. Waya ukikatika na kundi likagawanyika, upande mmoja tu unaweza kuwa na zaidi ya nusu, na upande huo ndio unaoendelea. Upande mwingine hunyamaza kwa hiari yake. Hii ndiyo sababu idadi ya wapiga kura katika mifumo hiyo hupendelewa kuwa witiri, yaani 3 au 5. Wakiwa wawili, kura ya tatu huweza kuwekwa katika diski ya pamoja.

Kuna na tahadhari ya pili. Upande ulioshinda kura haumwamini aliyeshindwa kwamba kweli amenyamaza. Kabla ya kugusa daftari, humfungia njia: humnyang'anya ruhusa ya kuandika, au humkatia umeme kabisa. Ni ukali wenye sababu, maana lango lililopungukiwa na habari laweza kuzinduka baada ya nusu dakika na kuendelea kuandika pale lilipoishia, bila kujua kwamba dunia imekwishabadilika.

Flashi yaingia

Wakati malango yakijifunza kuelewana, ghala lenyewe lilikuwa linabadilika. Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba ya Japani, aliueleza ulimwengu juu ya kumbukumbu ya aina mpya mwaka 1984, na mwaka 1987 akaeleza ile aina yake iliyokuja kuenea zaidi, ambayo ndiyo msingi wa flashi za leo. Jina lilipendekezwa na mwenzake, Shoji Ariizumi, kwa kuwa kufutwa kwa data mara moja kulimkumbusha mmweko wa kamera. Neno hilo limefika hadi vibanda vya fotokopi vya Kabalagala, ambako mteja huulizwa "una flashi?" na hakuna anayehitaji tafsiri.

Flashi haina sahani inayozunguka, wala mkono unaotafuta mahali pa kusoma. Kwa hiyo ni nyepesi na ya haraka sana. Hata hivyo ina tabia zake. Haiwezi kufuta neno moja peke yake. Hufuta ukurasa mzima wa kumbukumbu pamoja na jirani zake, kama mwalimu ambaye hana kifutio kidogo, naye analazimika kufuta ubao wote na kuandika upya. Tena kila ufutaji huichakaza kidogo. Kutegemea aina yake, sehemu moja ya flashi huweza kustahimili kufutwa mara chache maelfu, au hata kufikia laki moja, kisha huchoka.

Tabia hiyo inaturudisha Ggaba. Ukinunua flashi mbili za toleo moja siku moja, na ukaziandikia maneno yale yale kwa miaka mitatu ili moja iwe nakala ya nyingine, zitachakaa kwa mwendo unaokaribiana, na zinaweza kukuaga kwa kupokezana ndani ya muda mfupi. Mafundi wazoefu huchanganya umri na matoleo kwa makusudi, kama vile mji ulivyotafuta maji nje ya ghuba moja.

Kasi ya flashi ilileta jambo jingine. Enzi za sahani zinazozunguka, diski ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa, na lango lilikuwa na muda wa kutosha. Flashi ilipokuja, lango ndilo lililoanza kuchelewesha. Lugha ya zamani ya kuzungumza na diski ilikuwa imetungwa kwa ajili ya vifaa vya polepole, na mwaka 2011 ikatolewa kanuni mpya ya NVMe, iliyotungwa kwa ajili ya flashi. Mwaka 2016 kanuni hiyo ilipanuliwa ili flashi zifikiwe kwa mtandao kutoka kompyuta nyingine, kwa kasi inayokaribia ile ya flashi iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe. Tangu hapo ghala la pamoja la flashi, lenye malango kadhaa mbele yake, limekuwa jambo la kawaida katika vituo vya data. Kampala nayo ina vituo hivyo, kikiwamo cha Raxio huko Namanve, kilichofunguliwa mwaka 2021.

Njia za kwenda pwani

Ghala likiwa imara na malango yakiwa mengi, bado kuna barabara ya kufikia malango. Kwa nchi isiyo na pwani kama Uganda, historia ya barabara hiyo ni somo tosha.

Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano yetu ya intaneti na dunia yalitegemea setilaiti, kwa bei kubwa na mwendo wa kobe. Watoa huduma wawili wa Kampala wasiokuwa wameunganishwa walilazimika kupitisha ujumbe angani hadi bara jingine ili umfikie mteja wa jirani. Kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti cha Uganda, UIXP, kilianzishwa mwaka 2001 ili kuondoa kichekesho hicho: ujumbe wa kutoka Kisugu kwenda Wandegeya ubaki Kampala. Mwaka 2006 taasisi za elimu ya juu na utafiti nazo ziliunda mtandao wao, RENU.

Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na mwaka 2010 ikafuata EASSy. Kutoka Mombasa nyaya zilipanda nchi kavu hadi mipaka ya Malaba na Busia. Kasi iliongezeka na bei ikashuka. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini karibu na pwani ya Afrika Kusini, na watumiaji wa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine wakahangaika kwa siku kadhaa. Nyaya mbili za kampuni mbili, katika bahari moja, zilipatwa na ajali siku moja. Msomaji atakuwa amekwishaizoea hadithi hii.

Tena kuna kufungwa kwa mlango ambako hakutokani na ajali. Wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini Uganda kwa siku kadhaa. Wingi wa nyaya haukusaidia, kwa kuwa zote zilifungwa kwa amri moja. Mwalimu aliyekuwa na vitabu vyake katika kompyuta iliyo mezani aliendelea kusoma. Aliyekuwa na vitabu hivyo katika ghala la ng'ambo alisubiri.

Lugha yetu imewekwa wapi?

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilikuwa ghala la kwanza la pamoja la Kiswahili sanifu kwa nchi zetu. Ilianza Dar es Salaam, ikahamia Nairobi mwaka 1942, na mwaka 1952 ikaja hapa Makerere. Baadaye ilipelekwa Mombasa, kisha ikarudi Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 iligeuka kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili. Leo mrithi wake ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa takriban miaka kumi, basi, lango la Kiswahili sanifu lilikuwa Kampala. Lilipohama, mwanafunzi wa Uganda aliyetaka kuona kazi za Kamati alilazimika kulifuata, na wengi hawakuweza. Kazi hazikupotea, zilibadilisha mlango tu. Athari yake kwa ufundishaji wa Kiswahili katika nchi hii haikuwa ndogo, ingawa zilikuwapo na sababu nyingine nzito za kisiasa.

Miswada nayo ina habari yake. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya miswada mingi ya Kiswahili kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1970. Makusanyo mengine yako London katika maktaba ya SOAS. Mkusanyiko mkubwa wa matini za Kiswahili kwa ajili ya kompyuta, ulioanzishwa na Arvi Hurskainen, uko Helsinki nchini Ufini. Tunawashukuru wote waliotunza. Hata hivyo kila moja ya hazina hizo ina lango lake, na ufunguo wa baadhi ya malango hayo uko mbali na wenye lugha.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 jengo kuu la Makerere, lililokamilika mwaka 1941, liliwaka moto. Paa liliteketea pamoja na sehemu zilizokuwa na ofisi za kumbukumbu na fedha. Miezi saba baadaye, Aprili 2021, maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town nayo iliungua, na sehemu ya makusanyo yake ya Kiafrika ikapotea. Jengo la Makerere lilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 2024. Kuta hujengwa upya. Karatasi isiyo na nakala ikiungua, imeungua.

Wazee wa pwani walikuwa na mfumo wao wa nakala na malango. Utenzi ulinakiliwa kwa mkono kutoka nyumba hadi nyumba, na ulihifadhiwa vichwani mwa watu. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ilitufikia kwa sababu ilikuwa katika miswada zaidi ya mmoja, na katika vinywa vya waliokuwa wakiisoma. Muswada mmoja ukiliwa na mchwa, mwingine ulikuwa Lamu au Mombasa; na pale miswada ilipotofautiana, wajuzi walikaa pamoja na kuamua usomaji upi ni sahihi. Hiyo nayo ni akidi.

Neno kwa wanafunzi wa msamiati

Inafaa tuangalie maneno tuliyoyatumia, kwa kuwa mengi yalikuwa yetu kabla ya kompyuta. "Hifadhi" na "hafidhi" ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Yule anayeihifadhi Kurani moyoni na ile seva inayohifadhi data wanafanya kazi ya jina moja, yaani kutunza ili kisipotee na ili kipatikane kinapotakiwa. "Lango" ni ukubwa wa "mlango", kwa kudondosha kiambishi cha ngeli. Ni mlango wa wengi, wa mji au wa boma. "Akidi" haihitaji kubuniwa upya, maana wabunge wameitumia miaka nenda miaka rudi.

Kuhusu jina la kundi la malango, tumependelea "shada" kuliko "kundi". Watu wanaweza kuwa kundi bila kuhusiana, kama abiria wanaosubiri teksi. Maua ya shada yamefungwa kwa uzi mmoja. Malango tunayoyazungumzia yamefungwa kwa makubaliano. Yakikosa makubaliano hurudi kuwa kundi, na tumeona kundi linavyoharibu daftari. Tunakaribisha maoni ya wasomaji juu ya istilahi hii.

Hitimisho

Tumeona kwamba tangu matangi ya Muyenga hadi maghala ya flashi, kanuni ni zile zile: nakala zaidi ya moja, njia zaidi ya moja, sababu za kuharibika zisizofanana, na makubaliano ya nani anaandika wakati gani. Idara ndogo ya lugha haina fedha za kununua shada la malango. Inaweza kufuata kanuni hata hivyo. Kanda za masimulizi tulizozirekodi na wanafunzi, tasnifu, mitihani ya miaka iliyopita na orodha za istilahi ziwe na nakala tatu: moja idarani, moja katika jengo jingine, na moja nje ya Kampala. Nywila ya kuzifikia isijulikane na mtu mmoja peke yake, kwa kuwa mtu huyo huenda likizo, huugua na hustaafu. Pia awekwe mtu mmoja tu wa kurekebisha nakala kuu kwa kipindi maalumu, na wengine wapitishe masahihisho kwake, ili tusiwe na matoleo manne ya orodha moja ya istilahi.

Tena pawe na daftari la kuonyesha kipi kiko wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hili ni kweli zaidi katika zama ambazo maktaba nzima huenea katika kifaa kisichozidi ukucha. Mwisho, kila muhula mtu mmoja ajaribu kufungua nakala moja kutoka katika kila mahali zilipowekwa, kabla haijahitajika. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni sawa na dumu ambalo hatujalitikisa: limesimama pembeni kama lililojaa, na huenda ni tupu.